Re: Mpokeaji mwenye kasi ya 4.3, apande raundi ya kwanza?

Mkuu, umeuliza kama mpokeaji (mchezaji anayedaka mipira inayorushwa) wa chuo aliyekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.3 anastahili raundi ya kwanza ya drafti ya NFL, yaani zamu za timu za ligi ya futiboli ya Marekani kuchagua wachezaji wapya. Usimpandishe kwa saa peke yake. Mwaka 2017 John Ross alikimbia 4.22 akachukuliwa wa 9. Lakini mpokeaji mwenzake Cooper Kupp alikimbia 4.62, akasubiri hadi nafasi ya 69, na msimu wa 2021 akaongoza ligi kwa mipira aliyodaka, yadi na tachidauni (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani).

Tafuta mechi tatu au nne dhidi ya timu ngumu, zile video za juu zinazoonyesha wachezaji wote 22. Mlinzi akimkabili uso kwa uso, tazama hatua mbili za kwanza za mpokeaji: anaipangua mikono ya mlinzi, au anasukumwa pembeni? Akibanwa kwenye mstari wa nje, kwotabeki, yule anayerusha mpira, hana pa kurushia, kasi inakuwa bure. Halafu angalia kiuno anapokata kona. Mzuri hushuka na kugeuka kwa hatua mbili tatu. Anayehitaji tano au sita mlinzi ameshamfikia. Hapa ndipo wakimbiaji wengi huumbuka.

Mikono pia: anadaka kwa viganja, au anakumbatia mpira kifuani?