Ukisema "zima taa" nyumba nzima inaingia gizani

Ndugu, spika yako janja, hiyo unayoiamuru kwa sauti, haina kosa. Unasema ukisema "zima taa" ukiwa chumbani, hata za jikoni zinazimika, na utaratibu wa "usiku mwema", yaani maneno mamoja yanayoendesha amri kadhaa kwa mpigo, nao unafanya kazi siku ukipenda wenyewe. Chanzo karibu kila mara ni majina na vyumba.

Kwenye simu, fungua programu inayosimamia spika na taa zako, Alexa au Google Home, tengeneza humo chumba, kisha weka ndani yake taa za hapo pamoja na spika yenyewe. Watu wengi husahau kuiweka spika. Ikishajua iko chumba gani, "zima taa" itagusa taa za chumba hicho tu. Halafu badilisha majina yanayofanana: "taa ya meza" na "taa ya mezani" hata binadamu atayachanganya.

Kwa "usiku mwema", angalia kwanza historia ya sauti ndani ya programu uone spika ilisikia nini hasa. Ikiwa imesikia vibaya, chagua maneno mengine, mafupi, yasiyofanana na jina la kifaa chochote. Ila kwa jambo la kila siku saa ileile, mimi nisingetumia sauti kabisa. Weka utaratibu uanze wenyewe saa fulani, au jua linapozama, uachane na kupiga kelele.

Kufuli ya mlango usiiruhusu ifunguke kwa sauti bila namba ya siri. Spika iliyo karibu na dirisha humsikia hata aliye nje.