Kabla hujaigawanya 4,294,967,297

Wanafunzi ninaowafundisha hesabu jioni hupenda kuniuliza: namba kubwa utajuaje kama ni tasa? Mimi huwapa 4,294,967,297, kisha nakaa kimya. Naipenda kwa sababu inatisha kuliko ilivyo ngumu.

Majaribio mepesi huisha upesi. Ni witiri, haiishii na 5, na tarakimu zake zikijumlishwa zinatoa 59, basi 3 haiigawi. Baada ya hapo wengi huendelea na 7, 11, 13, moja baada ya nyingine. Kwa njia hiyo waweza kulazimika kufika hadi kipeuo chake cha pili, 65,536 na ushee, na chini ya hapo zimo namba tasa 6,542. Nani ana muda huo? Acha kugawanya kwanza, tafuta namba yenyewe imejengwaje.

Hii ni 2³² + 1. Pierre de Fermat, mwanasheria Mfaransa wa karne ya 17, alizijua ndugu zake wadogo, 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo zote ni tasa, akaamini kuwa na hii ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba ni 641 × 6,700,417. Euler huyohuyo alithibitisha pia kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikitoa 1, lazima kigawanyike kwa 64. Katika karne ya 19 Édouard Lucas akaikaza kanuni: si 64, ni 128.

Sasa andika: 129, 257, 385, 513, 641. Ya kwanza, ya tatu na ya nne si tasa, zitupe. Kuhusu 257, chungulia kwa jirani: 4,294,967,295 ni zao la 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Namba yetu imeipita kwa 2 tu, kwa hiyo ukiigawanya kwa yoyote kati ya hizo tano itabaki 2. Unafika 641 bila kutoa jasho. (Huyo wa katikati, 4,294,967,296, ndiye idadi ya anwani zote za intaneti za biti 32.)

Hata 641 yenyewe huhitaji kuigawanyia. Ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Kwa sura ya kwanza, 5 × 2⁷ ikigawanywa kwa 641 inabakiza −1, yaani imepungukiwa 1 tu. Ipandishe kipeo cha nne, 5⁴ × 2²⁸ inabakiza 1. Kwa sura ya pili, 5⁴ inabakiza sawa na −2⁴. Ziunganishe: −2³² inabakiza 1, basi 2³² + 1 haibakizi kitu. Mstari huu hunifurahisha kila ninapouandika ubaoni.

Ukitaka zoezi, chukua 2⁶⁴ + 1, yenye tarakimu 20, ujaribu 274,177. Usiiandike nzima, fanya kazi na baki. 2³² inabakiza 258,768, yaani −15,409. Kwa kuwa 2⁶⁴ ni 2³² × 2³², zidisha 15,409 kwa yenyewe upate 237,437,281, ongeza 1, na 274,177 inaingia humo mara 866 kamili.