Walifungiwa ndani au nje?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia, Morogoro. Nilikuwa naandaa makala fupi juu ya kiwanda cha chuma cha Homestead, kule Pennsylvania, Marekani. Niliandika: "Mwaka 1892 wafanyakazi wa Homestead waligoma." Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili akafuta "waligoma", akaandika "walifungiwa". Mimi naona neno lake halieleweki, yeye anasema langu ni uongo. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu, kila mmoja wenu ana nusu, na nusu yake mwenzako imekatwa vibaya.

Nianze na neno lako. Kugoma ni kitendo cha yule anayetakiwa kufanya kazi. Punda hugoma katikati ya njia na mzigo mgongoni, pikipiki hugoma kuwaka asubuhi ya baridi, vibarua hugoma. Mwenye punda hagomi. Kwa hiyo sentensi yako inamwonyesha msomaji watu walioweka nyundo chini, tajiri akabaki ameduwaa. Homestead haikuanza hivyo.

Mkataba kati ya kampuni ya Carnegie na chama cha mafundi wa chuma ulikuwa unaisha mwishoni mwa Juni 1892. Andrew Carnegie mwenyewe alikuwa Scotland. Shughuli alimwachia Henry Clay Frick, mtu aliyekusudia kukivunja chama. Frick akazungushia kiwanda uzio wa mbao wenye seng'enge juu, watu wakaupa jina la Ngome ya Frick. Kisha, kabla mkataba haujaisha, akaanza kuwafungia watu milango, kitengo kimoja baada ya kingine. Hapo mwenzako ana hoja: aliyeanza ni tajiri.

Lakini mambo hayakuishia langoni. Chama kilikuwa na mafundi kama 800 tu, na kiwanda kizima kilikuwa na watu karibu 3,800. Wale wengine, wengi wao vibarua wasio wanachama, waliamua kusimama na mafundi. Hao waligoma, hakuna neno jingine. Alfajiri ya 6 Julai Frick akaleta walinzi 300 wa kukodi wa shirika la Pinkerton, wamepakiwa kwenye matishari mawili katika mto Monongahela. Risasi zikalia kutwa, watu wasiopungua 10 wakafa. Baadaye wanamgambo wa jimbo wakaja, na nyuma ya bunduki zao kampuni ikaingiza watu wapya. Kuanzia hapo lango lilikuwa wazi kwa anayekubali masharti ya Frick, na aliyekataa kuingia alikuwa anagoma kweli, mpaka Novemba waliposalimu amri. Wamarekani wenyewe hulitaja tukio hili kwa majina yote mawili, la mgomo na la kufungiwa nje, na mara nyingi jina analochagua mtu linakuonyesha anamlaumu nani.

Sasa neno la mwenzako. Kitenzi "funga" kikivaa kiambishi cha kutendea kinakuwa "fungia", na hapo kinaanza kutangatanga. Kuku hufungiwa bandani. Mchezaji hufungiwa mechi tatu. Mtoto mtundu hufungiwa chumbani, siku hizi hata simu yake hufungiwa kabatini. Katika mifano hii yote hakuna aliyewekwa nje ya mlango. Ukiandika "wafanyakazi walifungiwa" ukaweka nukta, masikio ya Mswahili yanasikia ndani kwanza. Pengine ndiyo maana wewe hukuelewa.

Na katika historia hiyohiyo ya viwanda vya Marekani, wako waliofungiwa ndani. Tarehe 25 Machi 1911, moto ulizuka katika kiwanda cha blauzi cha Triangle, New York, kilichokuwa ghorofa za 8, 9 na 10. Mlango mmoja wa ngazi, ghorofa ya 9, ulikuwa umekomewa. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, baadhi kwa kuruka madirishani. Wenye kiwanda, Max Blanck na Isaac Harris, walishtakiwa, na Desemba mwaka huohuo wakaachiwa huru. Kampuni hiyohiyo, mwaka 1909, ilikuwa imewafungia nje wafanyakazi wake kwa sababu ya kujiunga na chama. Sasa andika "wafanyakazi wa Triangle walifungiwa" halafu uniulize msomaji ameelewa mwaka upi.

Kwa hiyo "nje" hapo si pambo, ni sehemu ya istilahi. Si jambo geni kwetu pia: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inatambua haki ya mfanyakazi kugoma na haki ya mwajiri kuwafungia wafanyakazi nje, kila moja kwa masharti yake. Wako wanaopenda kusema "kufunga kiwanda". Hapana. Kiwanda kilichofungwa kimekufa, mashine zinapigwa mnada. Anayewafungia watu nje anataka kiwanda kiishi, ila watu wake waingie wamenywea.

Kwa kuwa unaandika historia ya kipindi hicho, bila shaka utafika kwa Pullman, na huko kuna mtego mwingine. Mei 1894 watengenezaji wa mabehewa ya Pullman, karibu na Chicago, waligoma: mishahara ilikuwa imepunguzwa, kodi ya nyumba za kampuni ikabaki palepale. Mwezi uliofuata wafanyakazi wa reli, chini ya chama cha Eugene Debs, wakakataa kuhudumia treni zenye mabehewa hayo. Hao hawakuwa na ugomvi na matajiri wao wa reli. Waligomea mabehewa ya Pullman. Irabu moja tu inatenganisha "waligoma" na "waligomea", na bila hiyo huwezi kueleza jinsi ugomvi wa kiwanda kimoja ulivyosimamisha treni katika sehemu kubwa ya nchi. "Walisusia" pia ingefaa, ingawa mimi kususia nakusikia zaidi kwa mnunuzi asiyenunua, au kwa mtu aliyekasirishwa akakiacha chakula mezani. Serikali ikapeleka jeshi. Debs akafungwa miezi 6. Akafungwa, si akafungiwa. Aliyefungwa yuko gerezani.

Makala yako basi ningeiandika hivi: "Mwishoni mwa Juni 1892 kampuni iliwafungia nje wafanyakazi wa Homestead, wenzao wasio wanachama wakagoma kuwaunga mkono." Ni ndefu kuliko yako, lakini kila kitenzi kina mwenyewe. Na wale walioletwa kushika nafasi zao waite wavunja mgomo. Nimewahi kuona tafsiri iliyowaita "vigaga", kwa kuwa wafanyakazi wa Marekani huwatukana kwa jina la gamba la kidonda. Kwetu kigaga hakimtukani mtu. Ukitaka tusi, "wasaliti" linatosha.

Ukiendelea mpaka Flint, Michigan, uwe macho zaidi. Kuanzia 30 Desemba 1936, kwa siku 44, wafanyakazi wa General Motors waligoma bila kutoka kiwandani, wakalala kwenye viti vya magari ambayo hayajamalizika, ili wavunja mgomo wasipate pa kuingilia. Kwa Kiswahili hao walijifungia ndani. Kitenzi ni kilekile cha Homestead, safari hii ufunguo uko mikononi mwa wafanyakazi. Soma prufu mara mbili, maana herufi moja ikiteleza, wanaume wa Flint watakuwa wamejifungua.