Picha ndogo za Constable zilikuwa mazoezi tu?

SWALI: Mhariri, mimi huchora mandhari kwa rangi za mafuta, na kazi zangu karibu zote hazizidi ukubwa wa daftari la shule. Wenzangu husema hayo ni mazoezi tu, kwamba mchoraji hupimwa kwa picha kubwa. Nasikia hata John Constable wa Uingereza alichora picha ndogo nyingi. Je, nazo zilikuwa mazoezi tu? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Uliyoyasikia ni kweli, ila neno "tu" ningeliondoa. Constable (1776–1837) alikuwa mtoto wa mwenye vinu vya kusagia nafaka huko Suffolk, na ujanani alifanya kazi katika kinu cha upepo, kazi isiyowezekana kwa asiyejua kulisoma anga. Baadaye, akiishi Hampstead, kilimani kaskazini mwa London, ambako hewa ilitarajiwa kumfaa mkewe mgonjwa, aliligeukia anga lenyewe. Oktoba 1822 alimwandikia rafiki yake John Fisher kwamba amekwisha kuchora michoro ya anga ipatayo 50.

Mmoja wa michoro hiyo, uliomo katika makumbusho ya Victoria and Albert, umeandikwa nyuma kwa mkono wake: 5 Septemba 1822, adhuhuri, akitazama kusini-mashariki, upepo mkali, mawingu yakienda mbio na buluu ikichomoza hapa na pale. Ukiyasoma maneno hayo unaelewa kwa nini karatasi ilikuwa ndogo. Wingu linalokimbizwa na upepo halimngojei mtu ajaze kanvasi ya karibu mita mbili. Kabla hajamaliza pembe moja, lile aliloanza nalo halipo tena. Kwa hiyo aliketi na sanduku la rangi magotini, karatasi ameibana kwenye kifuniko, akapaka rangi juu ya rangi mbichi bila kungoja ikauke. Wala rangi haikuwa ya kubebwa ovyo, kwani ilitiwa katika vifuko vya kibofu cha nguruwe. Mirija ya bati ilikuja 1841, yeye akiwa amekwisha kufariki.

Picha kubwa zilikuwa na njia yake. The Hay Wain ya 1821, yenye upana wa sentimita 185, aliichorea London, mbali na mto Stour unaoonekana ndani yake, akitegemea michoro aliyoifanya kando ya mto huo miaka ya nyuma. Lakini mawingu mengi ya Hampstead hayakuhamishiwa katika picha yoyote kubwa. Aliyachora ili ayajue, na kwangu mimi hiyo ni kazi kamili.

Kwa hiyo usiongeze ukubwa kwa sababu ya maneno ya watu. Ukungu wa asubuhi juu ya Uluguru, unaotoweka jua likipanda kidogo, unastahili kipande chako kidogo. Jambo moja tu la kumwiga Constable: nyuma ya kila picha andika tarehe, saa na upande upepo unakotoka, kwa sababu mwezi ukipita hutakumbuka kwa nini kijani cha mlima siku ile ulikipaka kijivu.