Mnaokwenda kutembea Hombolo, Dodoma, Februari, msikate korongo

Mleta mada umeuliza viatu, chakula na nauli ya watu kumi na wawili: mpite vijijini, mashamba ya zabibu, kisha kingo za mifereji ya umwagiliaji. Mwishoni ukaandika "tutakata korongo kufupisha njia", yaani mvuke mkondo mkavu wa mchanga kwa miguu. Hapo mwili umenisisimka. Msikate!

Mimi nilikata, Januari, tukiwa saba. Kiongozi tulimtoa mjini, tukamlipa, akasema lile ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira. Kweli lilikuwa kavu na jua linawaka. Kabla hatujashuka, mzee mmoja mchungaji akatusalimia kwa Kigogo "mbukwenyi", akatuonyesha weusi wa mvua mbali kule juu, akasema subirini. Kiongozi akamjibu tumechelewa. Tukamsikiliza tuliyemlipa, tukamwacha aliyezaliwa pale. Hilo linaniuma hadi leo.

Tulipofika katikati tukasikia mngurumo kama wa lori. Maji ya tope yakaja na magogo na miba, yakafika magotini, na sijageuka vizuri yakawa kiunoni. Mpwa wangu wa miaka kumi na minne yakamzoa. Alinasa kwenye mizizi ya mgunga, mkono umevunjika, analia jina la mama yake. Vijana wa kijiji walimvuta kwa kamba za ng'ombe. Tukalala ng'ambo, mkono umefungwa kwa vijiti na kanga, hadi maji yaliposhuka alfajiri. Kiongozi alikuwa ameshatangulia kuvuka, akapanda bodaboda, akazima simu. Hata pole sijaisikia. Mtu wa namna hiyo hafai kukabidhiwa hata mbuzi, sembuse watoto wa watu.

Elewa mvua za huku. Zinakuja kati ya Desemba na Aprili, kwa kishindo, na ardhi ngumu hainywi haraka. Ya mbali juu inakukuta wewe umesimama juani. Makorongo hayo ndiyo yanaupelekea maji mto Kinyasungwe Ndogo, nao unajaza Bwawa la Hombolo tangu 1957. Mchanga mnaouona mkavu ni njia ya maji.

Kwa hiyo: mwongozaji awe wa kijiji hicho hicho, aliyetajwa na mwenyekiti wa kitongoji. Akisema subiri, mnakaa, hata mkilala hapo. Kama kuna daraja, zungukeni, hata likiongeza saa mbili.

Zabibu mtazikuta, Februari watu huwa wanavuna. Viatu vyovyote visivyoteleza. Sasa niandikie hapa mtavukia wapi, kabla hujamlipa mtu yeyote.