Goti liliuma, tatizo likawa nyongani

Goti langu la kulia lilinisumbua zaidi wakati wa kushuka. Anayeijua Kigoma anaujua mteremko wa kutoka Mwanga hadi stesheni ya reli. Nilikuwa naushuka upande upande, mguu mbaya ukitangulia, mkono mmoja umeshika pindo la khanga na mwingine ukitafuta ukuta.

Mimi ni fundi cherehani, tena cherehani ya kukanyaga. Msimu wa sare za shule naketi tangu asubuhi hadi adhana ya magharibi. Nikisimama goti limekaza, na maumivu yamejikusanya mbele, chini ya kilegesambwa, yaani kile kifupa kinachofunika goti. Sijida ikanishinda, nikawa naswali kwenye kiti. Hilo liliniuma kuliko goti lenyewe.

Kwa miezi mitano nilihangaika na goti tu. Nililipaka dawa ya kuchua, nikalikanda kwa maji ya moto ya chumvi, nikalifunga bandeji, nikameza vidonge. Nilipigwa eksirei, picha ikatoka safi, nikaambiwa niendelee na vidonge. Katika muda wote huo hakuna aliyenigusa juu ya paja.

Shangazi yangu wa Ujiji ndiye aliyenishika mkono hadi kwa kijana mmoja wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi na kuchua. Akaniambia, "Mama, simama kwa mguu mmoja mbele ya kioo, ukunje goti kidogo." Nikaliona goti langu kwa macho yangu likiingia ndani, linaelekea mguu wa pili, na kiuno kinalalia upande. Kisha akanilaza ubavu, akaweka kidole gumba ubavuni mwa nyonga, vidole vitatu hivi chini ya mfupa tunaofungia khanga, akakandamiza. Nilipiga kelele. Pale palikuwa na fundo gumu, na maumivu yakashuka kando ya paja. Hapo nikauliza, "Kwani ugonjwa uko huku?"

Alinieleza hivi. Msuli wa ubavuni mwa nyonga ndio unaolizuia paja lisiangukie ndani unaposimama kwa mguu mmoja, na kila hatua unayotembea ni kusimama kwa mguu mmoja. Msuli huo ukidhoofu, paja linajizungusha na kilegesambwa hakitelezi sawasawa kwenye njia yake. Mbele ya paja nako kuna msuli unaoanzia kwenye mfupa wa nyonga, unapita juu ya goti na kushika mfupa wa muundi. Mtu wa kuketi kutwa kama mimi, msuli huo unakaza na kukibana kilegesambwa. Kuna pia utepe mgumu wa kando ya paja, ambao wengi huusugua mpaka ngozi inawaka. Utepe ule hauvutiki kirahisi, ni afadhali kuchua misuli ya nyonga inayoushikilia.

Nyumbani natumia mpira mdogo wa tenisi. Naegemea ukuta kwa ubavu, mpira ukiwa kati ya ukuta na nyonga, naulalia taratibu mpaka nipate pale panapouma, natulia hapo kama nusu dakika huku napumua, kisha nasogea. Maumivu yawe ya kuvumilika. Mbele ya paja najichua kwa mikono na mafuta ya mise, yale ya mchikichi, lakini kinenani, pale unapohisi mshipa unapiga, sipakandamizi.

Ndugu zangu, kuchua peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wengi tunapokata tamaa. Nafuu ya mkono ni ya muda mfupi. Inakufungulia nafasi ya kufanya mazoezi bila maumivu mengi, na mazoezi ndiyo yanayolibeba goti. Nalala ubavu, nainua mguu wa juu ulionyooka, kisigino kikirudi nyuma kidogo, mara 10, napumzika, narudia mara mbili. Kisha nalala chali, nakunja magoti, nainua kiuno. Wiki za mwanzo sikuona kitu. Sijida ilirudi mwezi wa tatu wa mazoezi, na siku hiyo nililia.

Si kila goti ni la kuchua. Lililovimba na kuwaka pamoja na homa, lililokwama halinyooki, au ulilopata nalo ajali huwezi kulikanyagia, ni la hospitali, tena haraka. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma usiliguse, huenda damu imeganda ndani. Na mtoto anayechechemea akisema goti linauma, hasa mwenye selimundu, omba nyonga yake ipimwe. Mishipa ya fahamu ya nyonga na ya goti inachangia njia, kwa hiyo nyonga inaweza kuharibika huku mtoto akishika goti.

Kiti changu cha kazi nimekiinulia mto wa mabaki ya vitambaa, nyonga zikae juu kuliko magoti. Bobini ikiisha uzi nasimama, nazunguka meza mara mbili, ndipo naijaza nyingine.