Mashabiki wapige kura yao, wachezaji wapige yao

Swali la wiki: Mchezaji bora wa mwaka wa klabu achaguliwe na nani: mashabiki, wachezaji wenzake au benchi la ufundi?

Mashabiki wachague wao, wachezaji wachague wao, na kila upande utoe tuzo yake. Benchi la ufundi likae pembeni. Kocha ndiye anayepanga kikosi na kushauri nani aongezewe mkataba, kwa hiyo kura yake haiwezi kuwa kura tu. Kila mchezaji ataisoma kama ujumbe. Kibaya zaidi ni ule mchanganyiko wa asilimia 50 za mashabiki, 30 za makocha na 20 za viongozi. Hapo anaweza kutangazwa mshindi ambaye amekuwa wa pili kwa makundi yote, na hakuna hata moja lililomtaka awe wa kwanza.

Manchester United wanazitenganisha, na matokeo yake yanafundisha. Tuzo ya mashabiki, yenye jina la kocha wao wa zamani, Sir Matt Busby, ipo tangu 1988, alipoibeba Brian McClair baada ya kufunga mabao 24 ya ligi. Wachezaji nao wana tuzo yao. Sasa angalia misimu mitatu mfululizo. Mwaka 2020 mashabiki walimchagua Bruno Fernandes, wachezaji wakamchagua Anthony Martial. 2021 mashabiki walirudi kwa Bruno, wachezaji wakaenda kwa Luke Shaw. 2022 mashabiki walisema Cristiano Ronaldo, wachezaji wakasema David de Gea. Mara mbili kati ya tatu chumba cha kubadilishia nguo kilitazama nyuma, kwa beki wa kushoto na kwa kipa, wakati jukwaa lilitazama mabao. Pande zote mbili zilisema kweli, na kama kura zingechanganywa tusingejua kwamba zilitofautiana.

Lakini tusiwaonee mashabiki. Huyo huyo De Gea amebeba tuzo yao mara nne: 2014, 2015, 2016 na 2018. Kipa anayeokoa anaonekana. Anayepotea ni kiungo mkabaji, na beki wa kati wa timu inayotawala mchezo, kwa sababu kazi yake nzuri ni hatari ambayo haikutokea. Huyo hawezi kusaidiwa kwa kuwanyang'anya mashabiki kura. Anasaidiwa na daftari linaloanza mechi ya kwanza ya msimu.

Daftari lenyewe ni rahisi. Chagua watu watatu wanaoangalia kila mechi kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, wakae sehemu tofauti za uwanja, na kabla ya kuondoka kila mmoja aandike majina matatu: wa kwanza alama 3, wa pili 2, wa tatu 1. Mechi moja inazaa alama 18. Ligi Kuu yetu ya Tanzania Bara ya timu 16, yenye mechi 30 kwa kila timu, inazaa 540. Usitumie alama za moja hadi kumi kwa kila mchezaji. Wachezaji wote 11 huishia kupewa sita na saba, na msimu ukiisha anayeongoza anamzidi wa nane kwa nukta. Majina matatu yanamlazimisha mtu alinganishe. Na waandike kabla ya kufungua simu, maana wakishaona video ya bao la dakika ya 88 ikizunguka, dakika 87 za kiungo mkabaji zinafutika kichwani.

Baada ya daftari, weka sharti la dakika. Hapa ndipo Bruno wa 2020 anapoleta mjadala halali. Alisajiliwa dirisha dogo, yaani usajili wa katikati ya msimu, akacheza mechi 14 za ligi ambazo United hawakupoteza hata moja, na alimaliza na mabao 12 katika mashindano yote. Martial alikuwapo msimu mzima akafunga 23. Ligi ya Uingereza ina dakika 3,420 kwa timu. Mechi 14 haziwezi kuzidi dakika 1,260, yaani kama asilimia 37. Sharti likiwa theluthi moja, Bruno anaingia. Likiwa nusu, anatoka. Kwa ligi yetu dakika ni 2,700, theluthi ni 900 na nusu ni 1,350. Naona theluthi inatosha, kwa sababu mtu aliyebadilisha msimu ana haki ya kushindanishwa. Muhimu sharti liandikwe na kutangazwa kabla ligi haijaanza, lisije likatungwa mwezi Mei kwa ajili ya kumwingiza au kumtoa mtu fulani.

Karatasi ya kura iwe na majina matano, wale watano wa juu katika daftari. Ukiweka kumi, kura zinatawanyika. Hata kwa matano kuna mtego: straika wawili wakipata asilimia 28 na 27, beki wa kati akapata 30, beki anashinda ingawa zaidi ya nusu ya wapiga kura walitaka straika. Na siku nyingine mtego huo huo utamuumiza beki. Dawa ni kila mpiga kura kutaja wa kwanza na wa pili, alama 2 na 1. Majina yapangwe kwa namba ya jezi, yasipangwe kwa umaarufu. Mbele ya kila jina ziwekwe dakika alizocheza, mabao, pasi za mabao, na kwa kipa na mabeki, mechi walizoanza ambazo timu haikuruhusu bao. Mstari huo mmoja unamkumbusha shabiki mechi za Septemba.

Kupiga kura kwa kuhesabu komenti na alama za kupenda mtandaoni ni kujitafutia balaa. Mtu mmoja anaweza kuwa na akaunti kumi, na kwa utani wa jadi tulionao, watani watajaa kumpigia mchezaji anayewafurahisha wao. Kura ifuate namba ya kadi ya uanachama: kadi moja, kura moja, kwa ujumbe mfupi wa simu ili asiye na simu janja asiachwe.

Kura ya wachezaji ina ugonjwa wake, nao ni makundi. Wanaozungumza lugha moja au kukaa nyumba moja hupigiana kura. Kwa hiyo kila mchezaji aandike majina matatu, asijiandike mwenyewe, alama 5, 3 na 1. Kundi likishampa mtu wao 5, bado linalazimika kusema ukweli kuhusu wengine wawili. Iwe karatasi ya kukunja, ndani ya boksi analoshika mtunza vifaa, siyo nahodha, maana nahodha mara nyingi naye ni mgombea. Ifanyike asubuhi ya mazoezi kabla matokeo ya mashabiki hayajatoka, la sivyo watafuata upepo.

Tarehe ndiyo inayoharibu tuzo nyingi. Ukisubiri ligi iishe, wachezaji wa kigeni wameshapanda ndege. Ukisubiri Simba Day au Wiki ya Mwananchi, sherehe za Simba na Yanga za kukaribisha msimu mpya, mshindi anaweza kuwa ameshauzwa, na unamkabidhi tuzo ndugu yake. Funga kura saa 48 kabla ya mechi ya mwisho ya nyumbani, kabidhi uwanjani siku hiyo kabla ya mpira kuanza, mbele ya waliopiga kura. Mechi zinazobaki, hata fainali ya kombe, ziingie kwenye mwaka wa tuzo unaofuata. Kanuni iseme hivyo wazi: mwaka wa tuzo ni kuanzia kura ilipofungwa hadi itakapofungwa tena.

Na zawadi. Kile kibao kikubwa cha mfano wa hundi kinapendeza kwenye picha, lakini fedha zenyewe ziwe zimeshatengwa kabla kura haijafunguliwa na ziingie kwenye akaunti ya mchezaji wiki hiyo hiyo, kwa sababu akihama klabu mwezi unaofuata atakuwa anadai kwa simu. Kombe kubwa libaki kabatini klabuni, mchezaji apewe dogo la kuondoka nalo. Fundi wa kuchonga jina apewe saa 48 hizo, na jina liandikwe kama linavyosomeka mgongoni mwa jezi, lisomwe na mchezaji mwenyewe au wakala wake kabla halijachongwa.